Kikuba cha shangazi

"Kikuba changu mbona kimeliwa nusu?"

Ndivyo alivyoniuliza shangazi nilipomwonesha picha niliyompiga kwa simu harusini, Mwembetanga, Unguja. Uvivu wangu, kamera niliiacha nyumbani. Na kweli kililiwa. Simu ilipokuwa ikikisia mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, ili iufifishe ukuta, asumini na rihani za kikuba, kile kishada cha kunukia, zilizochomoza begani ikazihesabu ni ukuta, ikazitia ukungu. Ukingo wa mtandio nao ukakatika kama kwa mkasi butu.

Simu haina la kufanya ila kukisia. Tundu la lenzi yake kuu lina upana wa milimita 4 hivi. Lenzi yangu ndefu, ya milimita 200 (huo ni urefu wa fokasi), kwa f/4, yaani namba ya tundu, inafungua upana wa milimita 50 (gawanya tu 200 kwa 4). Tundu pana namna hiyo linaufifisha usuli lenyewe, tena kwa taratibu: kope zimekaza, sikio limeanza kulainika, ushungi nyuma ya shingo umelainika zaidi, halafu bahari. Hakuna mstari ambapo ukali unakoma ghafla.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue lenzi ya f ngapi. Miye huwauliza: huyo unayempiga umemsimamisha wapi? Maana wengi humwegemeza bibi harusi kwenye mlango wa nakshi, kisha wanalalamika nyuma hapafifii. Patafifia vipi, na mlango unamgusa mgongo? Tena ukuta ukiwa karibu hivyo, lenzi fupi ya 50 kwa f/1.8, ya bei nafuu, inaishinda hiyo yangu. Ndefu hupata nguvu pale nyuma panapokuwa mbali sana.

Kwa hiyo Mji Mkongwe hunipa tabu. Kumpata mtu kuanzia kiunoni kwa 200 nahitaji kurudi nyuma kama mita 6. Kichochoroni, ndani ya mita 6 hizo mtapita vespa, watoto wa chuoni na hamali na gari lake akipiga kelele nimpishe. Ananitukana, na ana haki.

Afadhali Forodhani, jioni. Mtu akae mbele, mashua ziwe kule zilikotia nanga. Lenzi ndefu inazivuta zionekane kubwa nyuma yake, lakini laini, tanga linabaki doa jeupe tu. Au shamba, chini ya minazi: jua linalopenya kwenye makuti hugeuka viduara vya mwanga, na vya pembeni mwa picha hubonyea kama ndimu. Wapo wasiovipenda. Mimi navipenda. Mchana wa jua kali ufukweni, hapana. Joto la mchanga hufanya hewa icheze, na lenzi ndefu inaukuza mchezo huo mpaka uso unakosa ukali. Na mkono ukitetemeka, kasi ya shata usiishushe chini ya 1/200 ya sekunde.

Shangazi nilimpeleka Forodhani Ijumaa iliyofuata, na kikuba kipya. Nilimweka mita 5 kutoka kwangu, bahari nyuma yake, f/4. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akaikuza picha, akaanza kuhesabu maua moja moja.

"Hili la chini limenyauka," akasema. "Hili nalo ulikuwa huwezi kulificha?"