Kwa Mwafrika aliyeko Uingereza, kipimo si 35

Nyumbani, kizuizi cha operesheni ya kupunguza uzito kinajulikana: pesa. Wengi hulipa mfukoni, na asiye nazo hata kuuliza haulizi. Uingereza NHS, huduma ya afya ya serikali, haimtozi mkazi halali kitu kwa operesheni hii, kwa hiyo wengi wetu tunadhani huku sote tuko sawa. Hatuko. Ubaguzi wa huku umekaa kwenye rufaa, yaani GP (daktari wako wa kawaida) kukuandikia uende kwa wataalamu.

Mwongozo wa NICE, taasisi inayopanga viwango vya matibabu, kwa kawaida unataka BMI (uzito ukipimwa kwa urefu) ya 40, au 35 kwa mwenye kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaoletwa na unene. Kwa Waafrika, Wakaribi, Waasia na watu wa Mashariki ya Kati, viwango hivyo hushushwa kwa 2.5, maana kisukari hutuanza tukiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Chukua mama wa mita 1.65 mwenye kisukari: akiwa Mzungu anafikia kiwango kwenye kilo 95 na kidogo, akiwa Mwafrika kwenye kilo 88 na nusu. GP anayekumbuka 35 peke yake atampa karatasi ya lishe na kumrudisha kwake. Ukiwa na ugonjwa kama wake, mwambie GP waziwazi: kiwango changu ni 32.5, naomba rufaa, na iandikwe kwamba mimi ni Mwafrika.

Ukipita hapo, kuna miezi ya kliniki ya uzito kabla ya kumwona daktari wa upasuaji. Ukikosa miadi, mara nyingi jina linafutwa na unarudi kwa GP kuanza upya. Sheria hiyo inamwumiza hasa anayefanya shifti za usiku za kutunza wazee, na huko tumejaa sisi. Omba miadi ya simu mapema, na mkalimani wa hospitali, si mtoto wako.

Wiki mbili hivi kabla ya operesheni unakula kalori 800 hadi 1,000 kwa siku ili ini lisinyae. Ini lenye mafuta hufunika tumbo, na upasuaji unaweza kuahirishwa mezani. Mwulize mtaalamu wa lishe ugali ni gramu ngapi. Karatasi nyingi zinataja mkate na viazi tu.

Wanaokimbilia Uturuki kukwepa foleni wanakosa kitu ambacho NHS inakitoa vizuri: ufuatiliaji wa miaka miwili, vipimo vya damu, na sindano ya vitamini B12 kila miezi mitatu. Nyumbani pia, kabla ya kulipia, uliza nani atakupima damu mwaka wa pili.