Waonjeshwe kazi, si slaidi

Nimefurahi kusoma kwamba wanafunzi wa vyuo vya kati wataalikwa chuo kikuu kuonja masomo ya mifugo na kilimo kabla ya kuamua watakachosomea. Ila tafadhali, msiwafungie ukumbini na slaidi na soda! Hapa Njoro, ambako Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ng'ombe hawako mbali. Wapeni gambuti. Wakamue, wachanganye maziwa na dawa ya kupimia ugonjwa wa kiwele waone yanavyokuwa mazito kama uji, wapapase tezi zilizovimba chini ya sikio la ndama mwenye ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Atakayeona kinyaa ajue mapema, karo si mchezo. Na nauli ya watoto wanaotoka mbali kama Kuresoi, nani atalipa?