Majivu ya tanuru la taka: yaingie kwenye tofali au yabaki shimoni?

Taka za mjini zikichomwa kwenye tanuru kubwa, tani 4 huacha karibu tani 1 ya majivu chini ya tanuru. Uholanzi na Denmark zimeyatandika chini ya barabara kwa miongo mingi, kwa hiyo fundi wa Mbeya anayenunua mchanga kwa tripu ana haki ya kuuliza: kwa nini sisi tuyatupe?

Jibu linategemea majivu yenyewe. Yale laini yanayonaswa kwenye moshi hubeba madini ya risasi na kadimiamu, pamoja na sumu ya dayoksini; hayafai ukuta wa nyumba yoyote. Yanayobaki chini yanatumika, ila kwa subira. Huchekechwa, chuma hutolewa kwa sumaku, kisha hulazwa wiki 6 hadi 12 yapate hewa na unyevu. Yalazwe juu ya sakafu ya zege yenye mfereji, maana mvua zetu za Novemba hadi Aprili zitayasomba hadi kisimani. Ukiruka hatua ya kuyalaza, mabaki ya alumini yakikutana na saruji hutoa gesi ya haidrojeni, na tofali huvimba na kupasuka. Zinki na risasi huchelewesha saruji kushika. Kloraidi huozesha nondo, hivyo lenta na nguzo zisiguswe kabisa.

Kuna kosa jingine, nalo ni baya zaidi: kupima nguvu peke yake. Tofali linaweza kubeba mzigo vizuri siku ya 28 tangu lifyatuliwe huku likivujisha risasi. Loweka kilo 1 ya majivu katika lita 10 za maji, tikisa saa 24, chuja, peleka maji hayo maabara yapimwe metali hizo.

Matanuru tuliyozoea Nyanda za Juu Kusini ni madogo, ya hospitali na vituo vya afya. Humo huingia sindano, chupa na plastiki za PVC, na moto mara nyingi haufiki nyuzi joto 850 za Selsiasi. Majivu hayo nayakataa kwenye tofali, hata yakitolewa bure. Anayetaka kupunguza saruji atumie majivu ya pumba za mpunga wa Kyela au Mbarali, yaliyochomwa chini ya nyuzi 700 na kusagwa laini, akianza kwa kuyaweka badala ya asilimia 10 ya saruji. Majivu ya pumba yanayotoka kwenye tanuru la tofali za kuchoma huwa yameungua mno. Hayashikani vizuri na chokaa iliyo ndani ya saruji.

Wanaotetea majivu ya hospitali yaingie kwenye tofali wana hoja nzito: shimo la majivu hospitalini hujaa. Ni kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani limeeleza njia ya kuyagandisha: asilimia 65 taka, 15 chokaa, 15 saruji, 5 maji. Vipande hivyo huzikwa, havijengewi.