Jeneza linaposema methali, nani anasikia?

Teshie ni mji wa wavuvi uliomezwa na jiji la Accra. Kwenye karakana za huko unaweza kumkuta kuku jike mkubwa kuliko mtu, ameshusha mabawa, vifaranga vimejibanza chini ya kifua chake. Rangi bado mbichi. Mgongo wake umekatwa ukawa kifuniko. Ukiunyanyua unakuta ndani pametandikwa kitambaa laini, na nafasi ya mtu mmoja kulala. Ni jeneza la mama wa watoto wengi.

Watu wa Ga, wenyeji wa pwani hiyo ya Ghana, huyaita majeneza haya abebuu adekai, yaani masanduku ya methali. Jina hilo ndilo kiini cha ubishi ninaotaka kuupima hapa. Tangu miaka ya 1970 masanduku hayo yalipoanza kununuliwa na wakusanyaji wa sanaa wa Marekani, na hasa baada ya fundi Kane Kwei wa Teshie kuonyeshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la Terre, kumekuwa na pande mbili. Upande mmoja unasema soko limeichuna methali likaacha sanduku tupu. Wa pili unasema bila soko karakana zingekuwa zimefungwa, na kwamba huo "utamaduni wa kale" unaoliliwa si wa kale kiasi hicho.

Nianze na hoja ya pili, maana historia inaibeba. Simulizi inayopendwa na wageni ni kwamba Kane Kwei alimchongea bibi yake jeneza la ndege mwaka 1951, kwa kuwa bibi huyo alipenda kutazama ndege zikitua Accra na hakuwahi kupanda hata moja. Simulizi tamu. Lakini mtafiti wa Uswisi Regula Tschumi alionyesha kwamba mizizi iko kwingine: kwenye machela za wafalme wa Ga zilizochongwa kwa umbo la alama ya ukoo, na kwamba fundi Ataa Oko wa mji wa La alikuwa akitengeneza majeneza ya namna hii tangu karibu 1945. Machela zenyewe, pamoja na miavuli ya kifalme, vigoda na fimbo za wasemaji wa mfalme, zina mkono mzito wa majirani zao Waakan. Ile fimbo yenye kiganja kilichoshika yai, ikisema kwamba madaraka ukiyabana sana yanapasuka na ukiyalegeza yanaanguka, ni ya Waakan kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Kwa watu wa Ga mamlaka ya zamani yalikuwa kwa wulomo, kuhani wa nguo nyeupe. Mantse, baba wa mji, alikuja kupata uzito baadaye. Kwa hiyo anayetaka kurudi kwenye asili isiyochanganyika atachimba muda mrefu sana.

Hata hivyo kukopa si sawa na kuuza bila masharti, na hapa ndipo hoja ya upande wa kwanza, ya wazee wa Ga, inaponishika. Alama hizi zina sarufi. Samaki anaweza kumzika mvuvi yeyote, tunda la kakao linamfaa mkulima, kiatu fundi viatu. Lakini simba, tai, na upanga ni vya koo za kifalme na watu wenye vyeo vya jadi. Mfanyabiashara aliyefariki na mali zake hawezi kulazwa ndani ya simba kwa sababu tu familia ina fedha; watu wangeshangaa msibani, na wazee wangeuliza. Mnunuzi wa ng'ambo haulizwi lolote. Akimtaka simba, anapewa simba. Hilo kwangu ni sawa na kuchukua neno la kiapo ukalifanya jina la duka.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika katika mabishano haya, nayo iko kwenye mbao. Jeneza la kuzikia huchongwa kwa wawa, mti mwepesi unaokubali tezo upesi. Jeneza la makumbusho hutengenezwa kwa mbao ngumu, lisiliwe na wadudu. Umbo moja, rangi zilezile, lakini moja limeundwa lioze na jingine lidumu. Wiki kadhaa za kazi, halafu kuku yule anabebwa mitaani, watu wanamwona, wanazungumza, na jioni yuko chini ya udongo. Methali nayo ndivyo ilivyo: inasemwa wakati wake ukifika, inafanya kazi yake, inanyamaza. Jeneza linalodumu miaka mia chini ya taa za ukumbi limeshakuwa kitu kingine. Sisemi kwamba ni kibaya.

Siwezi kusema hivyo, kwa sababu ya Paa Joe. Alijifunza kazi kwa Kane Kwei, akafungua karakana yake Nungua mwaka 1976. Mwaka 2004 na 2005 alichonga mfululizo wa majeneza yenye umbo la ngome za pwani ya Ghana, zile ambamo watu walifungiwa kabla ya kupakiwa merikebuni kama watumwa. Mwaka 2020 kazi hizo zilionyeshwa Atlanta, Marekani, katika jumba la High Museum. Hakuna maiti ndani yake wala hakutakuwa nayo, na ni kazi za kuagizwa kutoka ng'ambo moja kwa moja. Lakini hebu fikiria: jeneza lenye sura ya ngome, likiwa tupu, limewekwa mbele ya wajukuu wa watu waliotolewa ngome hizo na kufa bila jeneza lolote. Na mojawapo ya ngome za aina hiyo, Christiansborg, imesimama Osu, ndani ya mji wa watu wa Ga. Hapo utupu wenyewe unasema. Anayedai kwamba soko siku zote huua maana anijibu kuhusu hilo.

Makanisa nayo yamo katika mgogoro, ingawa sitakaa sana hapo. Mengi hayataki majeneza ya maumbo yaingie ibadani, yakiyaona kama mabaki ya upagani, lakini jeneza la umbo la Biblia huwa linapita. Yaani hata kanisa limekubali kwamba sanduku linaweza kusema.

Ninavyoona mimi, pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kilichochongwa wakati hatari iko kwa msomaji wake. Mrudie yule kuku. Kusini mwa Ghana kuna msemo, Waakan wameuweka hata katika alama zao za adinkra, kwamba kuku hukanyaga vifaranga vyake lakini havifi. Ukiujua, jeneza lile linakwambia kwamba marehemu alizaa wengi, na pia kwamba alikuwa mkali na ukali wake ulikuwa malezi. Usipoujua, umeona kuku. Sasa linganisha na jeneza la simu, la kamera, au la chupa ya bia. Hayo hayahitaji msemo wala mkalimani. Mtalii anayaelewa kabla hajashuka garini. Hayo ni picha za kazi au za starehe ya marehemu, na ndiyo yanayopigwa picha zaidi. Mafundi hawakuyafanya kwa nia mbaya. Waliongea lugha ambayo waliokuwa mbele yao waliielewa.

Sisi watu wa kanga tunalijua jambo hili mwilini. Mwanamke akijifunga kanga yenye jina lake akapita mbele ya jirani, jirani anajua ameambiwa nini, na hakuna neno lililotamkwa. Kanga hiyohiyo ikitundikwa ukutani kwa mgeni haisemi chochote. Rangi hazijachujuka, maandishi yapo. Aliyekosekana ni jirani.

Na majirani wa methali za Ga wanapungua katika jiji lao wenyewe. Watu wa Ga leo ni wachache ndani ya Accra. Sokoni na kwenye daladala, ambazo huko huitwa trotro, Kitwi, lugha ya Waakan, kimetamalaki. Wana usemi wa kale, Ablekuma aba kuma wɔ, ambao kwa jumla unawakaribisha wageni waje wakae pamoja nao. Ni usemi wa ukarimu, na Ablekuma ni jina la mahali hapo Accra. Lakini usemi huo una uchungu leo kwa watu ambao ardhi ya mababu zao imekuwa ofisi za serikali na mitaa ya wengine. Mzee wa Ga anapokasirikia simba aliyeuzwa nje, nadhani hasira yake haikuanzia kwa simba.

Kwa hiyo ndege na samaki nawaachia mafundi na wateja wao, wa nyumbani na wa mbali. Kwa simba nasimama na wazee: fundi aliyefundwa anajua simba ni wa nani, na anaweza kukataa. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni nembo ya ufalme wa Ga. Inaonyesha paa mdogo amesimama juu ya mgongo wa tembo, ishara kwamba ukubwa wa mwili sio unaoamua. Haiuzwi, haijaibwa, iko palepale Accra. Watoto wanapita chini yake wakienda shule, na sijui ni nani nyumbani anayewasimulia paa yule alifikaje kule juu.