Muuaji Aliyeingia Sehemu ya 28

Mwandishi mmoja rafiki yangu, mkazi wa Mbagala, anauza hadithi za mapenzi kwa WhatsApp. Kila jioni anatuma sehemu moja, wasomaji wanalipa buku kwa wiki, na chini kabisa kuna "itaendelea". Mwaka jana akaamua kuyapumzisha mapenzi, akaingia kwenye upelelezi. Kundi likapukutika. Tangu hapo waandishi wenzake tumegawanyika: mtunzi abaki kwenye utanzu anaoujua, au ajaribu chochote?

Wanaosema abaki wanaonekana waoga, wengine wanawaita wachoyo wanaowazibia wenzao njia. Nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Tazama kilichomkuta rafiki yangu. Hadithi ya mapenzi inavumilia kuandikwa huku unatembea. Leo mke kafumania, kesho wasomaji wakinung'unika, mume anarudi amepiga magoti. Upelelezi hauna huruma hiyo. Unatungwa kinyumenyume: umjue muuaji kabla hujaamua maiti ikutwe wapi, kwa sababu dalili ya sehemu ya tatu ndiyo itakayomnasa mtu mwishoni. Yeye alifika sehemu ya 28 hajui nani kaua. Angekuwa anaandika kitabu, angerudi nyuma usiku akapachika kitambaa chenye damu, na hakuna ambaye angejua. Lakini sehemu ya tatu ilishatumwa, ilishalipiwa, ilishasomwa ndani ya daladala. Ikabidi amshushe binamu wa marehemu kutoka Mwanza, mtu ambaye hakuwahi kutajwa, ndiye awe muuaji. Wasomaji wakaja juu, na haki walikuwa nayo. Walikuwa wiki nzima wakibishana nani kaua, kumbe jibu halikuwemo hata ndani ya hadithi.

Wapo wanaosema dawa ni utafiti. Angeuliza polisi, kweli, asingempa koplo kesi ya mauaji aiendeshe peke yake. Ila hakuna kituo cha polisi kinachofundisha namna ya kuficha dalili mbele ya macho ya msomaji. Hilo linapatikana kwa kusoma wapelelezi mpaka usingizi ukukimbie. Mtunzi wa Zanzibar, Muhammed Said Abdulla, alipomleta mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960, riwaya za namna hiyo kwa Kiswahili hazikuwepo za kuhesabu. Lakini Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, anamchungulia nyuma ya bega: mtunzi alikuwa msomaji wa upelelezi kwanza. Akaendelea na Bwana Msa huyohuyo hadi miaka ya 1980. Ben Mtobwa naye alikaa na mpelelezi wake Joram Kiango, Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Sijasikia msomaji akilalamika kwamba waling'ang'ania.

Upande wa pili una Euphrase Kezilahabi, na si mtu wa kumpita kimyakimya. Aliyeandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, hadithi ya binti wa Ukerewe ambayo kila mtu aliielewa na wengine wakaikasirikia, ndiye aliyeleta *Nagona* mwaka 1990, ambayo mpaka leo inawatoa jasho wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Angebaki alipokuwa, tungepoteza kitu kikubwa. Nakubali. Ila hesabu miaka iliyopo katikati: karibu 20, riwaya nyingine tatu, na udaktari wa falsafa alioupata Marekani akichimba falsafa ya Kiafrika. Yule hakuamka Jumatatu akabadili biashara.

Kinachonisumbua zaidi ni hoja ndogo, ya msomaji mmoja wa kundi lile: fumanizi la rafiki yangu linatokea gesti ileile mwaka wa sita sasa. Hapo sina jibu la haraka.

Rafiki yangu amerudi kwenye mapenzi, na buku zimeanza kuingia tena. Juzi nilimkuta Posta kwa wauza vitabu vya barabarani, ameshika riwaya ya upelelezi iliyochanika jalada. Alikuwa anasoma sura ya mwisho kwanza.