Dari la gari likilegea, usilichome pini

Chungulia ndani ya magari ya miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili yaliyoegeshwa mjini Dar es Salaam, na hutakosa kuliona hili: kitambaa cha dari kimeachia, kimetuna katikati, kimeshuka hadi kwenye nywele za abiria wa nyuma. Wenye magari wanakichoma pini, wanakibana kwa stepla, au wanamwita fundi akipige gundi hukohuko ndani. Yote hayo nayapinga. Hayatengenezi dari, yanalihangaisha tu, na mengine yanahatarisha watu.

Kosa linaanzia kwenye kutambua ugonjwa. Karibu kila mtu atakwambia gundi imeachia. Mara nyingi gundi ya kiwandani ipo palepale ilipowekwa. Kilichokufa ni sponji. Dari la magari haya lina tabaka tatu: ubao mwepesi uliofinyangwa kwa umbo la paa, sponji nyembamba ya unene wa milimita 3 hivi, kisha kitambaa kilichounganishwa na sponji hiyo tangu kiwandani. Sponji yenyewe ni ya poliyurethani, na adui zake ni joto na unyevu. Mvuke wa maji uliomo hewani unaimeng'enya taratibu, na joto linaiongezea kasi kazi hiyo. Sasa lichukue gari linaloegeshwa nje Dar, Tanga au Mombasa, hewa ina unyevu mwaka mzima, na paa la bati linapigwa jua kuanzia saa tatu asubuhi. Sponji ya namna hiyo haina pa kukimbilia.

Ukitaka kuhakikisha, ingiza kidole pale kitambaa kilipoachia, usugue ubao kidogo. Kidole kitatoka na unga wa rangi ya chungwa iliyofifia au hudhurungi, unaonata, unaojikita kwenye mistari ya ngozi na kugoma kutoka hata ukipangusa kwa tishu. Unga huo ndio sponji yako. Gundi mpya ukiipulizia hapo itashika unga, na unga wenyewe haujashika popote.

Ndiyo maana ile kazi ya sindano haidumu. Fundi anatoboa kitambaa, anaingiza gundi ya viatu, anakandamiza kwa kiganja, na jioni ile dari linapendeza. Jua la siku chache likilipata, linashuka tena, safari hii likiwa na madoa, kwa sababu gundi imepenya hadi upande wa mbele. Doa la gundi kwenye kitambaa cha dari halifuliki.

Pini zina ubaya wake. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000 yana mifuko ya hewa, yaani eabegi, iliyokunjwa pembezoni mwa paa juu ya milango. Eabegi hufumuka kwa nguvu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu chenye ncha kilichochomekwa kwenye njia yake kinaweza kurushwa kuelekea vichwa vya waliokaa. Na hata kama gari lako halina eabegi za pembeni, kitambaa kinachoning'inia nyuma kinaziba kioo cha kati, dereva asione kinachomfuata. Hilo peke yake linatosha kuliita tatizo la usalama, wala si la urembo.

Magari ya Ulaya ya kipindi kile yanasumbuka sana, Golf ya kizazi cha nne iliyotoka 1997 na Passat iliyotoka 1996 yakiwa mfano unaojulikana kwa mafundi. Magari ya zamani zaidi ambayo dari lake lilitandazwa na kukazwa kwenye vyuma vyembamba hayakuwa na balaa hili, kwa sababu hapakuwa na sponji ya kuoza.

Kazi ya kweli ni kuutoa ubao nje ya gari. Kwanza tenganisha waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote karibu na eabegi. Kisha fungua vikinga jua, vishikizo vya mkono, taa ya ndani na plastiki zinazofunika nguzo za paa. Klipu zake zimekauka kwa miaka mingi, zing'oe polepole. Ubao unatolewa na watu wawili, kupitia mlango wa nyuma kama gari lina mlango mpana, au mlango wa abiria wa mbele viti vikiwa vimelazwa. Usiukunje hata kidogo. Ukipata mpasuko, alama yake itaonekana chini ya kitambaa kipya siku zote.

Ukishaulaza ubao mezani, bandua kitambaa cha zamani na uanze kusugua. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Tumia brashi ya nailoni, wala si ya waya, maana ya waya inachuna ubao. Vaa barakoa na mikono mirefu, kwa kuwa vumbi lile linawasha koo na ubao wa faibaglasi unawasha ngozi. Sugua, pangusa, sugua tena, mpaka ukipitisha kiganja kibaki kikavu na safi.

Kitambaa kiwe cha dari, chenye sponji yake nyuma. Mita mbili za kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu zinatosha magari mengi ya saluni, lakini pima ubao wako kwanza. Najua kishawishi cha kupitia kwa mafundi sofa wa Keko kuchukua mabaki ya kitambaa cha sofa. Kikikosa sponji, kila kovu la ubao litajitokeza. Gundi nayo iwe ile inayostahimili joto. Ipake pande zote mbili, isubiri mpaka isinate kidoleni, kisha shikiza kitambaa nusu kwa nusu kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye mabonde, kisukume kwa kiganja kiingie. Ukikivuta kitaachia hapohapo. Fanya kazi hii nje penye hewa, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wa gundi hizi unashika moto.

Wapo wanaosema gari la zamani halistahili gharama hiyo. Sikubaliani nao. Magari haya ndiyo yanayobeba familia zetu, yatabaki barabarani miaka mingi bado, na sehemu kubwa ya gharama ni subira ya fundi. Watoto wanaokaa kiti cha nyuma hawastahili kuvuta unga ule kila asubuhi wakienda shule.

Ukienda kwa fundi wa viti, muulize swali moja kabla ya kutaja bei: ubao utatoka? Akisema hapana haja, chukua ufunguo wako. Akikubali, elewana naye akupigie simu ubao ukishasuguliwa, kabla hajapaka gundi, ukaupitishie kiganja mwenyewe.