Lisilosemeka halitulii

Kitabu cha kwanza cha mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, kilichochapishwa mwaka 1921, kinaishia kwa agizo: yasiyosemeka tuyanyamazie. Naiheshimu sentensi hiyo, lakini sikubali ichukuliwe kama kanuni ya maisha. Mtu anaweza kunyamaza na jambo lenyewe lisinyamaze.

Vienna, mji aliozaliwa Wittgenstein, ulikuwa umeshaliona hilo. Mwaka 1895 madaktari Josef Breuer na Sigmund Freud walisimulia habari za mgonjwa waliyemwita Anna O. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza, na kwa muda Kijerumani, lugha yake mwenyewe, kilimpotea akabaki akizungumza Kiingereza. Kuna kipindi alishindwa kunywa maji. Anashika gilasi, ikigusa midomo tu anaisukuma. Siku moja, akiwa katika hali kama ya usingizi, akaeleza kwamba aliwahi kumwona mbwa wa mwanamke aliyeishi naye akinywa kwenye gilasi. Alichukizwa mno, ila kwa adabu hakusema kitu. Alipokwisha kuyatoa hayo, akaomba maji akanywa. Yeye ndiye aliyeyaita matibabu hayo tiba ya mazungumzo.

Ni kisa kizuri, na ndiyo maana kinanitia wasiwasi. Breuer alipomaliza kumtibu mwaka 1882, mwanamke huyo hakuwa amepona. Mwaka huohuo alilazwa sanatoria nchini Uswisi. Kusema kulimfungulia maji, si maisha yote. Jacques Lacan, mchambuzi wa nafsi wa Kifaransa aliyefundisha kwamba fahamu fiche, yaani sehemu ya akili tusiyoitambua, imeundwa kama lugha, naye aliacha nafasi kwa kile alichokiita Uhalisi, kinachokataa kuingia katika neno lolote.

Kwangu mimi, Freud alilifikia jambo lenyewe mwaka 1914. Aliandika kwamba mgonjwa hasemi anakumbuka jinsi alivyokuwa mkaidi kwa wazazi wake. Anamfanyia ukaidi huo daktari aliye mbele yake. Kumbukumbu imekuwa tendo. Hapo mwanafalsafa anayesubiri sentensi ili aipime atasubiri sana, kwa sababu jibu limeshatolewa kwa kuchelewa, kwa hasira, kwa kugeuza uso.

Ndiyo maana napinga haraka ya siku hizi ya kumpa kila mwenye maumivu jina la maumivu yake. Anayesema "sijui nisemeje" mara nyingi anasema kweli tupu. Ukimwazima neno atalipokea, atashukuru, na wewe utadhani umemsikia.